Mizani ya Darasani: Jaribio la Sayansi Lisigeuke Jaribio la Kiingereza

Ulemo ni kata iliyomo katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, jirani na Misigiri, mahali ambapo barabara iendayo Kiomboi huachana na barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega. Wenyeji wake walio wengi ni Wanyiramba, watu wa mtama, uwele, alizeti na ng'ombe. Mtoto wa huko aghalabu husema Kinyiramba nyumbani, hukutana na Kiswahili sokoni na shuleni, na kwa muda wote wa elimu ya msingi husomeshwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili hicho. Kisha, Januari moja, huvaa sare mpya, huingia Kidato cha Kwanza, na tangu siku ile biolojia, kemia, fizikia, jiografia na hisabati zote huwa kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha yake ya tatu. Majuma machache ya mafunzo ya awali ya Kiingereza yanayotolewa mwanzoni mwa kidato hicho ni msaada, lakini hakuna awezaye kudai kwa dhati kwamba yanatosha kuibeba sayansi ya miaka minne.

Mwezi wa Machi huwadia, na pamoja nao majaribio ya katikati ya muhula. Mwalimu wa biolojia, ambaye ameeleza somo lake kwa Kiingereza kidogo na Kiswahili kingi kwa sababu aliona wazi kwamba bila hivyo darasa lingebaki kimya, sasa huandika ubaoni maswali kwa Kiingereza kitupu. Saa moja baadaye hukusanya karatasi. Nyingine hazina kitu ila jina na tarehe. Mwalimu hutia sifuri, na sifuri hiyo huingia katika daftari la maendeleo chini ya neno Biolojia.

Swali ambalo makala haya yanaliuliza ni hili: sifuri ile imepima nini?

Kila mwanafunzi wa sayansi hufundishwa mapema kwamba kabla ya kuamini kipimo ni lazima kukichunguza chombo. Mkulima wa Ulemo anayeuza alizeti anajua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Gunia likiwekwa juu ya mizani likiwa na mawe ndani yake, namba inayosomeka ni ya kweli, ila siyo namba ya alizeti. Jaribio la biolojia lililoandikwa kwa lugha ambayo mwanafunzi hajaimudu hutoa namba ya namna hiyo hiyo. Ndani yake mna biolojia na mna Kiingereza, na hakuna ajuaye kila kimoja ni kiasi gani. Mwalimu anayeitumia namba hiyo kuamua nani aendelee na sayansi, nani hawezi, na nani ni mvivu, anafanya kazi kwa chombo kisichosawazishwa.

Jambo hili si geni nchini. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, mpaka kati ya darasa la mwisho la msingi na Kidato cha Kwanza umekuwa pia mpaka wa lugha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Penina Mlama na mwenzake Matteru walilichunguza tatizo hilo kwa niaba ya Baraza la Kiswahili la Taifa na kutetea Kiswahili kitumike juu ya elimu ya msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza ifikapo 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na kueleza kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wale wa Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo ya Kiingereza yaweze kuanza. Yaani wanafunzi wachache ndio waliokuwa tayari kuanza katika mwaka ambao wote walipaswa kumaliza. Na ikumbukwe kwamba wale walikuwa wateule: enzi hizo nafasi za sekondari zilikuwa haba mno, na aliyezipata alikuwa amewashinda wenzake wengi. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 zimefungua mlango kwa watoto wa vijiji ambavyo zamani havikupeleka sekondari hata mtoto mmoja kwa mwaka. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mlango umepanuliwa, na kizingiti cha lugha kimebaki kimo kile kile.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kingetumika katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limekiacha Kiingereza katika nafasi yake sekondari. Mjadala huo ni mkubwa na una mahali pake. Hapa inatosha kusema kwamba mwalimu wa Ulemo hana uwezo wa kuumaliza, na kwamba mtoto aliye mbele yake hawezi kuusubiri. Jambo lililo mikononi mwa mwalimu ni jaribio lake mwenyewe: namna anavyoliandika, anavyolitoa na anavyolisahihisha. Hapo hakuna sheria inayomzuia kuwa mwanasayansi.

Na achukuliwe kwa mfano mwalimu anayetaka kujua kama darasa lake la Kidato cha Pili limeelewa jinsi mizizi inavyopata maji. Aghalabu huandika swali la mtindo huu, uliozoeleka katika vitabu vya maswali: “With the aid of a diagram, outline the process by which water is absorbed from the soil by plant roots and state two factors affecting it.” Sentensi ni moja, maneno ni 26. Kwa mwalimu ni swali jepesi. Kwa mwanafunzi ni kichaka. Neno “aid” analijua kuwa ni msaada, labda wa chakula cha njaa. “State” amelisikia katika jina la nchi ya Marekani. “Outline”, kama ana bahati, ni mstari wa nje wa picha, hivyo atachora mzizi mzuri na kuishia hapo. “By” imetokea mara mbili, na kila mara ina kazi tofauti. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa. Mwishoni kuna “it”, ambayo haisemi waziwazi inarejea nini. Maneno ya biolojia hasa ndani ya sentensi hiyo hayazidi matatu au manne, na hayo ndiyo mwanafunzi anayoyajua, kwa sababu yalifundishwa, yakaandikwa ubaoni na kurudiwa.

Hapo kuna jambo ambalo walimu wengi hawalitarajii. Wanapofikiri juu ya ugumu wa lugha ya sayansi hufikiri istilahi, na kwa hiyo hutumia juhudi nyingi kufundisha istilahi. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza mnamo miaka ya 1980 na Cassels na Johnstone ulionyesha kwamba hata wanafunzi ambao Kiingereza ni lugha ya mama yao huangushwa katika maswali ya sayansi na maneno ya kawaida yasiyo ya kitaalamu, yale ambayo hakuna mwalimu anayeyafundisha kwa sababu kila mtu hudhani yanajulikana. Ikiwa mtoto wa Glasgow hujikwaa hapo, mtoto wa Ulemo asishangawe.

Swali lile lile laweza kuandikwa hivi: “Water moves from the soil into the roots of a plant. Draw a diagram to show this. Explain how it happens. Write two things that can make it faster or slower.” Biolojia inayodaiwa ni ile ile. Hakuna jibu lililofichuliwa ambalo swali la kwanza halikulifichua. Kilichoondolewa ni mawe ndani ya gunia. Wapo watakaosema kwamba huko ni kumtafunia mtoto. Na waulizwe: ni sehemu gani ya biolojia iliyotafunwa? Wakiionyesha, irudishwe. Wasipoweza kuionyesha, basi walichokuwa wakikitetea ni kichaka.

Ushahidi kwamba kazi hiyo ina faida upo, ingawa usitiwe chumvi. Huko Marekani, Jamal Abedi na Carol Lord walichapisha mwaka 2001 uchunguzi wao juu ya wanafunzi 1,174 wa darasa la nane, waliopewa maswali ya hesabu katika lugha ya asili na katika lugha iliyonyooshwa. Alama zilipanda, hasa kwa wanaojifunza Kiingereza na kwa wale walio dhaifu katika hesabu, lakini hazikupanda sana. Botswana, nchi inayofanana zaidi na Tanzania katika jambo hili, Prophet na Badede walionyesha mwaka 2009 kwamba kunyoosha maneno ya maswali ya mtihani wa sayansi kuliwasaidia wanafunzi, na hasa wale wenye lugha dhaifu. Na karibu zaidi, Zanzibar, katika miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliyachukua maswali ya mitihani ya sekondari, wakawapa wanafunzi katika sura mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, kisha wakazungumza na wanafunzi wenyewe. Wanafunzi walioacha nafasi tupu katika swali la Kiingereza waliweza mara nyingi kueleza jambo lile lile kwa Kiswahili. Ukimya wa karatasi haukuwa ukimya wa akili.

Swali zuri, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusahihisha, na hapo ndipo dhuluma nyingi hutendeka bila mtu kukusudia.

Mwanafunzi mmoja huandika: “Water is go in the root because in the soil water is many and in the root salt is many.” Mwingine huandika: “Osmosis is the movement of water molecules from a region of low solute concentration to a region of high solute concentration through a semi-permeable membrane.” Karatasi ya kwanza hupata moja au mbili kati ya tano, kwa kalamu nyekundu iliyojaa misalaba. Ya pili hupata tano na neno la pongezi. Lakini na zisomwe kwa makini. Wa kwanza amesema maji yanaingia ndani ya mzizi, na ametaja sababu: tofauti ya ukolezi wa chumvichumvi kati ya nje na ndani. Hakutaja utando wa seli. Kwa hiyo amekosa kitu kimoja, na mwongozo wa haki ungempa tatu, pengine nne. Wa pili amenakili kwa moyo fasili ya daftari. Huenda ameielewa, huenda hakuielewa, karatasi haisemi. Swali liliuliza juu ya mizizi na udongo, naye hakutaja mzizi wala udongo.

Njia ya kujua ni kuuliza swali lisilokuwamo daftarini. Kila jikoni kitunguu na kabichi zilizokatwa zikitiwa chumvi na kuachwa kidogo, bakuli huonekana lina maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Yametoka wapi, na kwa nini? Anayeijua osmosisi atajibu, kwa lugha mbovu au nzuri. Aliyekariri atarudia fasili ile ile au atanyamaza. Hapa panastahili kusisitizwa, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba wanaodai haki ya lugha katika majaribio wanadai majaribio mepesi. Jaribio lililopo ndilo jepesi mno kwa mkariri, kama lilivyo gumu mno kwa aliyeelewa lakini hana maneno. Linakosea pande zote mbili. Mwalimu anayelirekebisha atawapandisha baadhi ya wanafunzi na kuwashusha wengine, na si ajabu baadhi ya watakaoshuka wakawa ni wale waliokuwa wakisifiwa kila muhula.

Kwa hiyo mwongozo wa kusahihishia hauna budi kuandikwa kabla karatasi hazijakusanywa, ukitaja mambo, si sentensi. Katika mfano wa mizizi mambo hayo ni manne: mwelekeo wa maji, tofauti ya ukolezi, utando, na mchoro unaoonyesha hayo. Kila jambo lililopo lipate alama yake, liwe limesemwa kwa maneno, kwa mishale ya mchoro au kwa jedwali. Tahajia ya neno la kitaalamu isamehewe maadamu neno linatambulika na halichanganyiki na neno jingine. “Osmosiss” ni osmosisi, bali aliyeandika “mitosis” akikusudia “meiosis” hajakosea tahajia, amekosea biolojia. Makosa ya sarufi yaonyeshwe pembeni ili mwanafunzi ajifunze, lakini yasikatwe alama katika somo ambalo si la sarufi.

Je, wanafunzi waruhusiwe kujibu kwa Kiswahili? Katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, kwa majaribio ya darasani, jibu liwe ndiyo, angalau katika sehemu ya maswali yanayodai maelezo. Mwalimu aliyefundisha kwa Kiswahili hana hoja ya kukataa kupokea kwa Kiswahili. Lakini wale wanaodhani kwamba Kiswahili huondoa ugumu wote na watahadhari. Kiswahili cha mtaani kina neno “nguvu” kwa mambo ambayo fizikia huyatenga kuwa kani, nishati na nguvu yenyewe. “Uzito” hubeba uzito na tungamo kwa pamoja. “Joto” hutumika mahali pa halijoto pia. Mwanafunzi akiandika kwamba chuma kina joto kubwa kuliko maji, mwalimu hajui amesema nini mpaka aulize. Istilahi zimekwisha kuundwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Lakini istilahi iliyomo kamusini na haimo kinywani mwa mwalimu haimsaidii mwanafunzi. Neno “usanisinuru” ni zuri, ila kwa mtoto ambaye hajapata kulisikia ni geni sawasawa na “photosynthesis”. Kuandika swali kwa lugha mbili, bega kwa bega, istilahi zikiwa zile zilizotumika darasani, ni bora kuliko kulitafsiri kwa Kiswahili cha kamusi ambacho darasa zima halijakizoea.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote ni ya mtihani wa taifa. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, hutahini sayansi kwa Kiingereza katika Kidato cha Pili na cha Nne. Mwalimu mwenye huruma, husemwa, anamlea mtoto kwa maziwa kisha anamtupa jangwani. Hoja hii ina ukweli na haistahili kupuuzwa. Mwalimu asiyewaandaa wanafunzi wake kwa lugha ya mtihani huo atakuwa amewadanganya. Lakini kuandaa si kupima. Mtoto hafundishwi kuogelea kwa kupimwa kila juma ni mara ngapi amezama. Lugha ya maswali na ifundishwe waziwazi, darasani, kama zana za maabara zinavyofundishwa: kwamba “state” maana yake taja kwa kifupi, “describe” maana yake eleza jambo lilivyo, “explain” maana yake toa sababu, “account for” haihusiani na fedha. Maneno kama hayo si mengi. Yaweza kubandikwa ukutani. Na kadiri mwanafunzi anavyopanda, maswali nayo yapande: lugha mbili na majibu huru katika Kidato cha Kwanza, Kiingereza kilichonyooka, pamoja na mianzo ya sentensi ya kumsaidia, katika cha Pili, Kiingereza cha mtihani wenyewe katika cha Tatu na cha Nne. Mwalimu anayeanza na Kiingereza cha mtihani siku ya kwanza hapandi ngazi haraka zaidi. Ameondoa tu vidato vya chini.

Tena, alama za maendeleo zililetwa kwa sababu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikosoa desturi ya kuamua maisha ya kijana kwa mtihani mmoja wa siku chache, na kuanzia mwaka 1976 kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Nia ilikuwa kwamba mwalimu, ambaye amemwona mwanafunzi akifanya kazi, awe na neno lake katika hukumu. Ikiwa majaribio ya mwalimu ni nakala ya mtihani wa taifa, yenye kasoro zile zile, neno hilo halisikiki. Mtihani mmoja unakuwa umefanywa mara nyingi.

Yumkini msomaji mwalimu bado ana shaka, na shaka ni haki yake. Dawa ya shaka katika sayansi ni jaribio, na hili halihitaji fedha wala kibali. Darasa likiwa na wanafunzi 60, yaandaliwe maswali manne juu ya mada moja iliyokwisha kufundishwa, katika sura tatu: ya kwanza kwa Kiingereza cha mtihani, ya pili kwa Kiingereza kilichonyooshwa, ya tatu kwa lugha mbili na ruhusa ya kujibu kwa yoyote. Karatasi 20 za kila sura zichanganywe kama karata kabla ya kugawanywa, ili isitokee kwamba wanaokaa mbele wote wamepata sura moja. Zisahihishwe kwa mwongozo mmoja. Kisha utafutwe wastani wa kila kundi. Alama hizo zisiingizwe katika daftari la maendeleo, kwa kuwa si haki mtoto kulipia jaribio la mwalimu.

Tofauti ya alama moja kati ya 20 isimtie mtu furaha wala huzuni. Kwa makundi madogo hivyo huenda ni bahati tu. Lakini likirudiwa kwa mada nyingine mara tatu au nne, makundi yakichanganywa upya kila mara, na tofauti ikaendelea kuelekea upande ule ule, mwalimu atakuwa amepata kipimo cha mawe yaliyomo katika gunia lake mwenyewe, si la Botswana wala la Marekani. Na ajiandae kwa matokeo ya aina nyingine pia. Yawezekana makundi yote matatu yakaanguka sawasawa. Hapo Kiingereza hakina hatia; mada haikueleweka, na inabidi ifundishwe upya. Jaribio la haki huondoa kisingizio kwa mwanafunzi, na huondoa kisingizio kwa mwalimu vilevile.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wanaweza kuifanya kazi hii pamoja na mwalimu wao kama zoezi la takwimu, wakiwapima wadogo zao wa vidato vya chini. Watajifunza wastani, mchanganyo wa nasibu na hadhari ya namba ndogo kwa jambo linalowagusa, badala ya kuhesabu rangi za gololi ambazo wengi wao hawajawahi kuziona.

Yapo mambo madogo yanayobaki, na ambayo mara nyingi huiua kazi njema. Mwalimu mwenye karatasi 60 katika kila mkondo hana muda wa kuandika upya kila swali. Na aanze na swali moja katika kila jaribio, lile lenye maneno mengi kuliko yote, na alihifadhi kwa mwaka ujao. Mwalimu naye ni mwanafunzi wa Kiingereza, jambo ambalo haliongelewi kwa sababu ya heshima. Maswali yake wakati mwingine yana makosa yanayompoteza hata mtoto hodari. Amsomee mwenzake wa somo la Kiingereza swali kabla ya kuliandika ubaoni, na mwenzake naye amweleze alivyolielewa. Kazi hiyo ni ya dakika tano katika chumba cha walimu. Muda wa jaribio nao uongezwe kidogo, kwa maana anayesoma kwa lugha ya tatu husoma kila sentensi zaidi ya mara moja.

Mwisho kuna suala la taarifa ya maendeleo inayokwenda kwa mzazi. Mzazi wa Ulemo, akisoma kwamba bintiye amepata 18 katika Biolojia, 22 katika Kemia na 15 katika Fizikia, ataamini kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angeamini: kwamba sayansi imemshinda. Wakati wa palizi au wa mavuno ya alizeti, akitafuta mkono wa kusaidia shambani, namba hizo zitakuwa na sauti kubwa nyumbani. Daftari la shule lina safu moja tu kwa kila somo, na mwalimu hawezi kuongeza ya pili. Lakini katika safu ile aweza kuandika alama ya biolojia iliyosahihishwa kwa mambo yaliyotajwa, na makosa ya lugha aliyoyaona, akiisha kuyaorodhesha katika karatasi ya pembeni, ampelekee mwalimu wa Kiingereza, ambaye Jumatatu asubuhi atakuwa na mada ya kufundisha iliyotoka katika vinywa vya wanafunzi wake mwenyewe.